Testa gani ninunue kwanza, na cheti cha kalibresheni nakipata vipi?

Fundi wa Majengo

Assalaam alaykum wakubwa zangu, na hamjambo nyote.

Mimi ni fundi wa stima hapa Mombasa. Miaka mitano nilikuwa chini ya kontrakta na vifaa vyote vilikuwa vyake. Asubuhi nachukua, jioni narudisha, wala sikuwahi kujiuliza ni vya aina gani. Tangu Januari najitegemea. Leseni yangu ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ni C2, kwa hivyo kazi zangu ni za feizi moja: nyumba za Majengo, Mji wa Kale, Kisauni, na sasa nimeanza kupata kazi za Nyali.

Yamenipata mambo mawili mwezi huu, ndiyo nikaona niwaulize.

La kwanza lilitokea nyumba moja ya Mji wa Kale, ghorofa ya pili. Nilikuwa nabadilisha taa ya ukumbini. Nilizima breka niliyoonyeshwa na mwenye nyumba, nikapanda ngazi ya mbao, nikasogeza kalamu ya kupima stima kwenye waya. Kimya. Haikulia, haikuwaka. Ngazi ilikuwa yayumba kidogo, nikashika nondo za dirisha kwa mkono wa kushoto nipate kutulia, na wa kulia nikaushika waya. Stima ilinipiga kutoka mkono hadi mkono, kifua kikabana, na sijui nilivyoachia. Nilikaa chini kama robo saa siwezi kunena. Baadaye tukagundua kwamba taa ile ililishwa na mita ya mpangaji mwingine. Lakini kinachonisumbua ni kalamu. Niliposhuka nikaijaribu kwenye soketi ikalia vizuri, na betri ilikuwa mpya. Basi kwa nini kule juu ilinyamaza?

La pili, nimepewa kazi ya kupima waya za fleti nane huko Nyali na kumwandikia meneja ripoti. Tumekubaliana bei, kisha akaniuliza, "Na cheti cha kalibresheni cha vifaa vyako?" Sikuwa na jibu. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nilivyo navyo sasa ni kalamu hiyo, testa ya bisibisi, multimita ya bei ya chini na klampu mita niliyorithi. Nimetenga elfu arobaini. Nianze na kipi? Na hicho cheti kinatoka wapi kwa mtu wa Mombasa?

Mzee wa Tudor

Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza, Alhamdulillahi u hai. Stima ya mkono hadi mkono hupita kifuani, na wengi haikuwaacha. Kama hukwenda hospitali kupimwa moyo, nenda, hata kama wajiona mzima.

Sasa kalamu yako. Mimi naamini haikuharibika. Kalamu ile haigusi shaba, yanusa tu uga wa stima kupitia insulesheni, na ili inuse yahitaji mwili wako uwe umeunganika na ardhi kwa kiasi fulani. Wewe ndiwe waya wake wa pili. Ukiwa umesimama sakafuni, sawa, yapata njia yake. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao kavu, viatu vya mpira, hujagusa ukuta, mwili wako unaelea. Tofauti kati ya waya na mkono wako yapungua, kalamu yanyamaza. Kisha ukazishika nondo, na nondo zile zimejengewa ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe uliokunywa unyevu miaka mia. Hapo ukawa na ardhi nzuri kabisa mkononi. Kalamu ilipima mtu anayeelea, waya ukamkuta mtu aliyeshika ardhi. Ungalizishika nondo kabla ya kupima, huenda ingalilia.

Ndiyo maana kalamu haithibitishi kwamba waya umekufa. Ikilia, iamini. Ikinyamaza, haijakwambia kitu. Na waya ukiwa ndani ya konduiti ya chuma au kebo yenye ngao ya chuma, haitanusa chochote hata usimame baharini.

Kwa hivyo pesa yako ya kwanza, kabla ya mega (kipima insulesheni), kabla ya cheti cha meneja, nunua testa ya ncha mbili. Ile yenye mishikio miwili iliyounganishwa kwa waya mmoja, taa za ngazi-ngazi kuonyesha volti 12, 50, 120, 230, 400. Ile nzuri itakuwa imeandikwa IEC 61243-3. Hicho ndicho kiwango cha vifaa vya kutambua volti vya ncha mbili, na mashariti yake si sawa na ya multimita. Fluke wanazo, Martindale wanazo, na kampuni nyingine kadha. Tazama haya dukani, na usione haya kumsumbua muuzaji:

Ncha zenyewe. Shaba iliyo wazi isizidi milimita 4, na ikiwa 2 ni bora. Kuna mwongozo wa Waingereza uitwao GS38 unaosema hivyo, na sababu yake niliiona kwa macho yangu Makupa: kijana alitia ncha ndefu ndani ya kisanduku, ikagusa laivu (waya wenye stima) na erthi (waya wa ardhi) kwa pamoja, mwako ukamchoma nyusi. Pia pawe na ukingo wa kuzuia vidole visiteleze. Mikono yetu hapa ina jasho miezi yote.

Kisha maandishi ya CAT, yaani daraja la mahali kifaa kinapoweza kutumiwa kwa usalama. Hapa watu wengi hutazama volti tu wakaacha herufi. CAT II ni ya vitu vya kuchomeka soketini. CAT III ni ya kisanduku cha breka na waya za nyumba. CAT IV ni ya pale stima inapoingilia, mitani na nje. Volti 600 ya CAT II na volti 600 ya CAT III si kitu kimoja: ya kwanza hujaribiwa kwa mshindo wa volti 4,000, ya pili kwa 6,000, na ule wa pili una nguvu zaidi nyuma yake kwa sababu chanzo chake kina ukinzani mdogo, omu 2 badala ya 12. Radi ikipiga laini masika ukiwa umetia ncha kisandukuni, ndipo tofauti hiyo huonekana. Kwa kazi yako usishuke chini ya CAT III 600, na kama wagusa mitani basi CAT IV.

Na usiamini maandishi peke yake, maana kuyachapa ni wino tu. Alama ya CE mtengenezaji hujipa mwenyewe. Tafuta alama ya maabara ya nje, kama vile TÜV, UL au CSA. Multimita yako ya bei ya chini ifungue nyuma utazame fyuzi. Ukiona kijifyuzi cha kioo kama cha redio, usiipeleke kwenye kisanduku cha breka tena. Fyuzi ya kweli ni ya kauri, imejazwa mchanga ndani, na imeandikwa volti zake.

Nitarudi baada ya maghribi, lipo la nyutro, ule waya wa kurudishia stima, nataka kukwambia.

Stima Bamburi

Mzee nakuheshimu, lakini mimi nina miaka kumi na tano na testa ya bisibisi tu, na sijapigwa. Kijana ana elfu arobaini na kazi ya Nyali yamngoja. Mambo ya GS38 ni ya Uingereza. Anunue mega amalize kazi, testa atanunua akipata faida.

Mzee wa Tudor

Nimerudi. Ndugu yangu wa Bamburi, nashukuru kwa uzoefu wako na Mungu aendelee kukulinda, lakini sikubaliani na wewe, na nitasema kwa nini. Bisibisi ile hupitisha stima ndani ya mwili wako ili taa iwake. Kati yako na volti 240 pana kipande kimoja cha resista. Kikilowa jasho na chumvi, au kikipasuka usijue, wewe ndiwe resista. Na mchana wa jua la Bamburi, ile taa waiona vipi? Wengi huiziba kwa kiganja wakachungulia. Na kijana huyu, kalamu yake ilimwambia ukweli siku zote hadi siku moja ikanyamaza.

Sasa la nyutro, kwa sababu kijana afanya kazi kwenye nyumba za vyumba, na huko ndiko liliko.

Nyumba hizi zetu ziligawanywa na kugawanywa tena. Leo kila mpangaji ana mita yake ya tokeni, lakini waya za zamani zilibaki ukutani. Fundi mmoja alipokosa nyutro ya taa ya kibarazani aliazima ya chumba jirani. Wewe waja, wazima breka ya chumba A. Wapima laivu na nyutro: sifuri. Laivu na erthi: sifuri. Nyutro na erthi: sifuri. Vipimo vyote ni vya kweli. Kisha wafungua maungio ya nyutro. Mara ile, ile taa ya kibarazani, iliyokuwa ikiwaka kwa stima ya chumba B, yazimika, na ncha moja ya nyutro mkononi mwako sasa ina volti 240, kwa sababu stima ya B ilikuwa yarudi kupitia hapo na wewe umeikata njia. Mimi lilinipata Kuze, miaka mingi iliyopita. Tangu siku hiyo nikitenganisha nyutro yoyote kwenye nyumba ya wapangaji, naitenganisha kwa koleo lenye mpini wa insulesheni, bila kugusa, kisha napima tena zile ncha mbili. Ukiwa na klampu mita, izungushe kwenye nyutro kabla ya kuifungua. Breka yako imezimwa, na bado waona ampia zapita? Basi hiyo ni ya kuazima. Kwa hivyo klampu yako ya urithi usiitupe.

Utaratibu wenyewe ni huu: jaribu testa mahali pajulikanapo pana stima, pima unapotaka kufanya kazi, kisha rudi ujaribu testa tena palepale pa kwanza. Hilo la tatu ndilo watu huacha. Testa yaweza kufa katikati.

Lakini Mombasa stima ikipotea mtaa mzima, utaijaribu wapi? Ndiyo maana kuna kifaa kidogo cha betri cha kuthibitishia testa, hutoa volti za kutosha kuwasha taa zote za ile ya ncha mbili. Nunua pamoja. Na jambo jingine la siku za kukatika: testa ikikwambia hakuna stima wakati mtaa mzima hauna, imesema kweli, na dakika mbili baadaye stima yarudi. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli dogo, ufunguo utie mfukoni mwako. Uliza pia kama nyumba ina jenereta au inveta.

Mwisho, utaona multimita yako yaonyesha volti 60 au 80 kwenye waya uliokatwa pande zote. Hiyo ni volti ya kivuli. Waya huo umelala sambamba na waya hai ndani ya bomba, na multimita ina ukinzani mkubwa, karibu megaomu 10, hata kale kadogo kaonekana. Testa ya ncha mbili huibebesha mzigo kidogo, na ile volti yaanguka. Kama testa yako ina vitufe vya kuongeza mzigo, kumbuka kwamba ukivibonyeza kati ya laivu na erthi vyaweza kuangusha RCD (swichi inayokata stima ikivuja) ya miliampia 30. Mwambie mwenye nyumba kwanza, asije akapoteza kazi yake kwenye kompyuta.

Binti Changamwe

Hamjambo kaka zangu, shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa vipimo kiwandani huku Changamwe, na jioni nafanya kazi zangu mwenyewe. Mzee amemaliza upande wa kubaki hai. Mimi niseme upande wa cheti, kwa sababu kila mwaka napokea vyeti na kuvirudisha vingine.

Kaka wa Majengo, kwanza tenganisha vitu viwili. Testa ya ncha mbili ni kifaa cha kuonyesha ipo au haipo. Hutaandika namba zake kwenye ripoti. Kinachokupa imani nayo ni lile jaribio la kabla na baada. Meneja wako anataka cheti cha vile vinavyotoa namba: kipima insulesheni, kipima mwendelezo wa waya, kipima lupu (ukinzani wa njia nzima ya stima ikivuja hadi erthi) na kipima RCD.

Pili, kalibresheni si kutengeneza. Watu huleta mita imeanguka kutoka ngazini wakasema "ifanyiwe kalibresheni ipone". Kalibresheni ni kulinganisha tu: mita yako imesoma hiki, kifaa rejea kimesoma kile, tofauti ni hii. Kama imetoka nje ya mpaka ndipo hurekebishwa, na hiyo ni kazi ya pili. Ndiyo maana mimi huomba nipewe usomaji wa kabla ya kurekebishwa. Ukipewa wa baada peke yake, hutajua kama ripoti ulizoandika miezi sita iliyopita zilikuwa za kweli.

Cheti kizuri kina namba ya serial ya kifaa chenyewe, ile iliyo nyuma, na ilingane. Kina tarehe, vifaa rejea vilivyotumiwa na mnyororo wao mpaka kwenye viwango vya taifa, usomaji wa kila kipimo, na kadirio la shaka ya kipimo. Karatasi iliyoandikwa "imepita" bila namba hata moja mimi huirudisha. Kiwango cha maabara ni ISO/IEC 17025, na hapa Kenya anayetoa ithibati kwa maabara ni KENAS. Uliza maabara ithibati yake inahusu nini, maana yaweza kuwa na ithibati ya mizani isiwe na ya umeme.

Maabara ya metrolojia (vipimo) ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iko Nairobi, Popo Road, kando ya Mombasa Road. KEBS wana ofisi ya kanda huku Pwani pia, anza hapo kuuliza namna ya kupeleka. Ukisafirisha kwa basi, toa betri, funga kwa sponji, na piga picha ya namba ya serial kabla hujaitoa mita mkononi.

Tena, ukinunua kipya, muulize muuzaji swali hili hasa: ndani ya boksi kuna cheti cha kalibresheni chenye usomaji, au tamko tu la kiwandani kwamba kimekidhi viwango? Viwili hivi watu huvichanganya. La kwanza litakuokoa mwaka mzima.

Na ile "tarehe ya mwisho" ambayo kila mtu huitafuta: maabara haitakiwi kukuwekea muda ndani ya cheti ila ukubaliane nayo. Muda ni wako mwenye kifaa. Desturi ni mwaka mmoja. Lakini fikiri kidogo. Umefanyiwa Januari, Februari kifaa kimeanguka kwenye zege. Mpaka Disemba watembea na karatasi safi na kifaa kinachodanganya. Cheti husema habari za siku moja. Siku nyingine 364 ni zako.

Kwa hivyo mimi nilijitengenezea kisanduku. Ni kile kikopo cha plastiki cha kutilia chakula cha mtoto. Ndani nimefunga resista za asilimia 1. Kwa insulesheni nataka megaomu 1, lakini si resista moja, kwa sababu mega hutoa volti 500 na resista ndogo ya robo wati kwa kawaida haikujengwa kuhimili hizo. Nimeunga tano za kiloomu 200 kwa mfululizo, kila moja yabeba volti 100 tu. Kwa mwendelezo nimeweka ya omu 1 na ya omu 10. Kila moja imetoka kwenye soketi ndogo za ndizi upande wa nje, na ukutani mwa kikopo nimebandika thamani zake halisi zilizopimwa kwa mita ya kazini siku ilipotoka kalibresheni.

Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, nachomeka. Naandika kwenye daftari la mistari: tarehe, kifaa, usomaji. Kwa lupu natumia soketi moja ya jikoni kwangu, ile ile siku zote. Ilikuwa omu 0.52, 0.51, 0.53, 0.52, kisha Jumatatu moja 0.71. Yaweza kuwa ni laini ya nje imebadilika, lakini niliposhika waya wa testa karibu na plagi nikauona umelegea ndani. Nikabadilisha waya, ikarudi 0.52. Hakuna cheti ambacho kingeniambia hilo. Na waya za kupimia mwendelezo zisawazishe hadi sifuri kila unapoanza kazi. Ukisahau, omu 0.1 ya waya zako waiandika kuwa ya nyumba ya watu.

Mpelekee meneja vyote viwili, cheti na daftari. Mimi nimewahi kukaguliwa na mtu mkali sana, na daftari ndilo alilokaa nalo muda mrefu.

Mtwapa Jua Kali

Nimesoma yote, shukrani dada. Mimi naongezea kuhusu pesa. Kwa elfu arobaini hutapata kifaa kipya cha kufanya yote ambacho ni cha kweli, usidanganyike na picha za mtandaoni. Nunua testa ya mzee na kifaa chake cha kuthibitishia, kisha kipima insulesheni na mwendelezo kilicho kimoja. Kwa lupu na RCD za fleti nane, kodi kwa fundi mwenzako mwenye kifaa kilicho na cheti hai, na namba ya serial ya kifaa hicho uiandike kwenye ripoti.

Ukifikiria mtumba, mwambie muuzaji akuachie ukipime kwenye kisanduku kama cha dada kabla ya kulipa. Fungua mlango wa betri kwanza. Huku kwetu upepo wa chumvi huingia kila mahali, na nimeona vifaa vizuri vya Ulaya vikafa kwa kutu ya kijani kwenye sahani za betri tu. Mimi nikimaliza kazi naifuta mita kwa kitambaa kikavu, natoa betri kama haitumiki wiki nzima, na mkobani naweka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Na ukipima erthi huku, jitayarishe. Chini ni mwamba wa matumbawe, fimbo yagonga mwamba mita moja tu, na kiangazi cha kaskazi usomaji wapanda. Kipime kwa njia ya vijiti vitatu, si kwa kukisia. Kijiti cha kati kiwekwe kwenye asilimia 62 hivi ya umbali wa kile cha mwisho, halafu kisogeze kidogo mbele na nyuma. Namba zikikaribiana, iandike. Zikirukaruka, kijiti cha mwisho bado kiko karibu mno.

Fundi wa Majengo

Wazee wangu, dada yangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nikifanya mliyoniambia.

Mzee, hospitali nilikwenda, wakanipima moyo, niko salama. Na kile kisa cha ngazi nimekirudia nyumbani. Nilipanda ngazi ile ile, nikashika waya wa taa ya mezani uliochomekwa, insulesheni yake nzima, nikasogeza kalamu: ilikuwa inalia mara moja moja, hafifu. Nikamwomba mdogo wangu anishike mguu akiwa amesimama sakafuni bila viatu. Ikalia moja kwa moja. Nilikaa pale juu nikiitazama. Miaka mitano nimeiamini.

Nimenunua testa ya ncha mbili, CAT IV 600, na kifaa cha kuithibitishia. Multimita niliifungua kama ulivyosema. Fyuzi mbili za kioo. Nimemwachia mdogo wangu apimie betri za pikipiki. Kipima insulesheni nimekipata, na muuzaji alipoona nauliza habari ya cheti chenye usomaji aliingia stoo akatoka na boksi jingine, lile la kwanza lilikuwa na tamko tu.

Kaka wa Bamburi, sikukuvunjia heshima kwa kufuata ya mzee. Natumai nawe utaijaribu ile ya ngazi.

Jana nilirudi nyumba ya Mji wa Kale, mwenyewe niliomba, bila malipo. Nilizungusha klampu kwenye nyutro ya ukumbi breka ikiwa imezimwa: ampia 0.3. Ni ya kuazima, kama alivyosema mzee. Nimeitenganisha, nimeirudishia kila taa nyutro yake, kisha nikapima insulesheni, laivu na nyutro pamoja dhidi ya erthi, balbu zote zikiwa zimetolewa, volti 500. Saketi ya mbele ilisoma megaomu 38. Ya nyuma, upande wa ukuta wa kisima, megaomu 0.6, na mpaka wa chini ni 1. Nimemwonyesha mwenye nyumba namba yenyewe kwenye kioo. Hakubishana. Ameniambia nianze waya mpya za upande ule Jumamosi.

Dada, kikopo nimekitengeneza. Resista nilizipata, lakini mita ya kuzipimia thamani halisi sina. Naweza kukuletea Changamwe?

Binti Changamwe

Lete Alhamisi baada ya saa kumi na moja, kabla mita yetu ya kazini haijaondoka kwenda kalibresheni wiki ijayo. Uje na daftari pia, usomaji wa kwanza tuuandike pamoja. Na hiyo 0.6 ipime tena mvua ikikatika siku tatu, uniambie imesoma ngapi.